Katapila ya zamani haitaki mafuta yoyote tu

Tangu juma lililopita simu yangu inalia kwa swali moja: kwa nini katapila iliyokuwa inatengeneza barabara ya kambi imesimama, na sisi tulichanga pesa za mafuta? Wengine wanasema dereva ameuza mafuta. Wengine wanasema mashine imezeeka, itupwe tu. Nimekaa siku mbili kwenye garaji hapa Butembo pamoja na mafundi, nikiuliza na kuandika. Hakuna wizi, na mashine haijafa. Mafuta yalinunuliwa kweli na yaliwekwa ndani. Lakini hayakuwa mafuta yake.

Mimi si fundi. Ila barabara hiyo ndiyo inapitisha unga, maharagwe na dawa za familia zilizokimbia vita. Mvua ikinyesha na kamyo zikikwama, mama wa kambini analala na chungu kitupu. Kwa hiyo jambo hili la bidoni la mafuta linatuhusu sisi wote.

Mashine yenyewe ni Caterpillar D7 ya miaka ya 1970. Dereva wake anabadilisha giya bila kukanyaga embreyaji. Ndani ya boiti kuna sahani nyembamba nyingi zinazooga ndani ya mafuta. Giya ikiingia, mafuta yanayosukumwa na pompi yanabana sahani hizo mpaka zishikane, na mashine inatembea. Basi mafuta hayo yana kazi mbili: kulainisha vyuma visikwaruzane, na kuacha sahani zishikane bila kuteleza.

Mafuta yaliyonunuliwa yalikuwa mafuta ya moteri ya gari dogo la kisasa, mazuri na ya bei. Papa fundi mwenye garaji alinieleza hivi: “Mwanangu, yale yametiwa dawa ya kufanya kila kitu kiteleze, ili gari lile esansi kidogo. Kwenye moteri ni sawa. Kwenye boiti hii mimi nataka sahani zing’ang’anie.” Asubuhi mashine ilitembea vizuri. Ilipopata joto na kuanza kupanda kilima, moteri ilinguruma lakini minyororo ya miguu haikuzunguka. Sahani zilikuwa zinateleza, na zikiteleza zinaungua.

Kitabu cha mashine ya zamani kinaomba mafuta yenye alama ambazo leo hauzikuti tena sokoni, kama TO-2. Hapo ndipo watu wanapotea. Kampuni ya Caterpillar ilileta alama mpya, TO-4, mwaka 1991, kwa ajili ya boiti za namna hii. Mafuta yenye alama hiyo yanatengenezwa na kampuni nyingi, si moja tu. Kwa boiti, kitabu cha mashine yetu kinaomba unene wa SAE 30. Ukiona bidoni imeandikwa 30 bila TO-4, usifurahi haraka. Namba inaonyesha unene tu. Haisemi ndani mna dawa gani.

Namba nazo zinadanganya. Sokoni mtu atakuambia: “Chukua 90, ni mazito kupita 50, yatalinda zaidi.” Si kweli. Mafuta ya giya yanapimwa kwa kipimo kingine, na 90 ya giya iko karibu na 50 ya moteri. Tena yale ya giya yenye alama GL-5 yana dawa kali ya salfa. Kwenye boiti za zamani zenye vipande vya shaba au bronzi, yakipata joto yanaweza kuvila vipande hivyo polepole. Mashine haitapiga kelele siku hiyo. Itakulipisha baadaye.

Upande wa pompi na mikono inayoinua lile bamba la mbele, mambo ni mengine. Mafuta mepesi mno yakipata joto yanavujia ndani ya pompi, na bamba linainuka polepole bila nguvu. Mazito mno, pompi inalia asubuhi kwa sababu haipati mafuta ya kutosha. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu, asubuhi ni baridi. Ukishuka kuelekea Semliki ni joto. Fundi lazima ajue mashine itafanya kazi wapi. Na mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia: yamwagwe. Kuongeza mapya juu yake ni kutupa pesa.

Sasa mafundi wanafungua boiti. Sahani zilizoungua zitabadilishwa, filtri itaoshwa au itabadilishwa, mafuta yote yatatolewa kabla ya kutia mengine. Kuchanganya hapana.

Ninaomba kamati ya barabara, na wawakilishi wa wahami waliomo ndani yake, wafanye mambo matatu kabla ya kuchangisha tena. Kwanza, fundi aandike kwenye karatasi alama na unene wa mafuta ya kila sehemu: boiti, pompi, na giya za mwisho za magurudumu. Pili, anayetumwa sokoni aende na karatasi hiyo, na asikubali bidoni iliyofunguliwa au isiyo na etiketi. Tatu, risiti na bidoni tupu vionyeshwe mbele ya watu.

Wengi wenu mlitoa franga mia tano, na ninajua mlivyozipata: kwa kubeba mizigo, kwa kulima shamba la mwingine. Dereva yule hakuiba, asitukanwe tena njiani. Lakini pesa ya mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni haistahili kununua bidoni kwa kubahatisha. Karatasi moja yenye alama sahihi ingetosha, na kamyo za unga zingekuwa zimeshafika.