Mstari Mtupu
Kwenye maziwa ya Mokoto, Masisi, mjomba alipiga kasia polepole tusiwashtue ndege. Mimi niliona ndege tu. Yeye alimtaja kila mmoja kwa Kihunde. Akanigeukia: "Mwanangu, unasoma lugha chuoni, na huyu humjui?"

Nilinyamaza. Daftarini nilikuwa na ngeli za Kihunde, kiambishi kwa kiambishi, bila majina ya viumbe wanaoingia humo. Vita vilitupeleka Goma nikiwa mdogo. Nyumbani tulizungumza Kiswahili.

Nilifungua ukurasa mpya. Jua lilipozama nilikuwa nimeandika majina 19. La 20, la ndege mdogo mweusi wa kwenye matete, mjomba mwenyewe alilisahau. Babu alilijua. Mstari wake bado ni mtupu.