Muziki Sawa, Lakini Dashibodi Haikatwi!

Wanawake wenzangu, tukikaa saluni tunaongea yote: mawifi, michango ya harusi, nyumba ndogo. Lakini ulishawahi kumsikia mtu akisema ndoa yake ilitikiswa na spika za gari? Basi mimi yangu ilitikiswa, na hizo spika zenyewe zilikuwa bado ziko kwenye boksi.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1965, ile Beetle yenye mgongo kama kobe. Marehemu baba aliinunua mkononi mwa mtu, na ndiyo iliyowaleta wadogo zangu wote nyumbani kutoka hospitali walipozaliwa. Alipofariki ikaja kwangu, maana kaka zangu waliiona chuma chakavu. Mume wangu ndiye aliyeifufua. Breki, matairi, rangi, vyote vilitoka mfukoni mwake, na hakuwahi kunidai hata asante.

Sasa, dashibodi ya Beetle za miaka ile si plastiki kama za leo. Ni bati lililopakwa rangi ya gari, basi. Katikati kuna nafasi ya redio yenye vitufe viwili vya kuzungusha, na karibu na spidomita kuna wavu mdogo wa kiwandani ambao nyuma yake hukaa spika. Moja tu! Redio ya baba ilikamata masafa ya kati, na kwenye spika hiyo hiyo tulisikiliza Radio Tanzania, taarifa ya habari ya saa mbili usiku na mpira wa Simba na Yanga. Yanga ikifungwa, ndani ya gari hakuna anayekohoa mpaka tunafika nyumbani. Redio ilikufa kabla ya mwenyewe, lakini vitufe bado vipo, kimoja kimelika pale kidole gumba chake kilipokuwa kinashika.

Jumamosi moja mume wangu akaja na fundi kijana na maboksi. Redio yenye skrini, spika mbili, na sabufa kubwa kama ndoo. Redio za kisasa za kawaida zina uso wa milimita 180 kwa 50, na hizi za skrini kimo chake ni karibu mara mbili ya hapo. Haiingii kwenye tundu la 1965. Fundi akasema kirahisi tu, eti tunakata, siku moja kazi imeisha. Kashatoa grainda.

Nikasema hapana. Bati likishakatwa halirudi.

Mume wangu akaniangalia kwa muda. Halafu akasema, "Mama watoto, kila siku gari ya baba yako, gari ya baba yako. Mimi humo ndani nani, dereva?"

Jamani. Mtu umekaa naye miaka kumi na tisa akikwambia hivyo, tena mbele ya fundi, unajibu nini? Sikujibu. Fundi akafunga vitu vyake, na nyumbani tukaongea habari za ada na maji tu kwa wiki nzima.

Ni mimi niliyemtafuta mzee mmoja, fundi redio wa zamani, nikamwomba mume wangu twende wote. Sikutaka aje kusuluhisha. Nilitaka atuambie kama muziki unaweza kuingia bila kukata. Yule mzee kwanza alicheka aliposikia habari ya grainda. Tangi la petroli la Beetle liko mbele, chini ya boneti, jirani kabisa na dashibodi. Cheche pale? Kha!

Halafu akatoa kadibodi ya nyuma ya dashibodi, akaanza kupima kwa rula. Wengi hupima upana wa tundu wakasahau kina, na mle nyuma kuna nyaya na mota ya waipa, kwa hiyo spika yenye sumaku nene inagonga. Akashauri spika nyembamba yenye koili mbili: moja inapokea muziki wa upande wa kushoto, nyingine wa kulia, zote zinasukuma koni moja. Ukifunga spika ya kawaida ukaipa upande mmoja tu, nusu ya magitaa unayaacha njiani. Kingo zake zizibwe kwa sponji, maana sauti ya mbele ikikutana na ya nyuma, besi inamezwa.

Kizito kilikuwa umeme. Gari hili ni la volti 6, vifaa vya sasa vinataka 12. Kugeuza lote ni kubadili betri, dainamo, balbu zote na mengine kibao. Mzee akapendekeza betri ndogo ya volti 12 ya muziki peke yake, inayochajiwa nyumbani, na amplifaya ndogo ya Bluetooth ifichwe mbele kwenye buti. Akamwonya mume wangu, si mimi, kwamba waya wa spika usiguse bodi hata kidogo. Redio nyingi za zamani ziliunga waya mmoja wa spika kwenye bodi ya gari. Amplifaya nyingi za leo ukizifanyia hivyo unaziunguza.

Nilimwona mume wangu anabadilika. Akauliza maswali, akashika tochi, akaandika. Kazi alifanya yeye kwa mikono yake, jioni tatu, mimi nikimshikia taa. Hakuna bati lililokatwa. Ukichungulia dirishani unaona dashibodi ya baba ilivyo, na vitufe vyake.

Wimbo wa kwanza alichagua yeye, kutoka kwenye simu yake, na sikuuliza kwa nini rhumba. Sauti ikatoka pale pale karibu na spidomita. Nilijikuta nimenyamaza kama tulivyonyamaza watoto Yanga ikifungwa, na yeye akapunguza sauti bila kuambiwa.

Hatujamaliza lakini. Sabufa bado iko chumbani, imekuwa meza ya pasi. Anataka iwekwe kwenye kile kishimo cha nyuma ya kiti, ambamo mimi na mdogo wangu tulikuwa tunalala safari za usiku. Nimemwambia sawa, ila boksi lake litengenezwe kwa mbao, likae bila skrubu kwenye bodi, siku tukipata wajukuu litolewe. Akasema atafikiria. Juzi nimemkuta na futi, anapima.