Mikroskopi ya Macho Mawili

Mama yangu anakaa Walikale. Macho yake yaliingia ukungu, akashindwa hata kuchagua mawe ndani ya maharagi. Munganga akasema ni katarakti, inapasuliwa. Mimi njo nilikataa. Hapa Masisi nilikuwa nimechungulia mikroskopi ya jicho moja: vitu vinaonekana bapa, tena juu chini. Nikasema, watapasua jicho la mama namna gani na chombo kama hicho? Mwaka ukapita bure.

Kumbe kuko ingine. Muuguzi mmoja alinieleza: ile ya kupasulia iko na njia mbili, kila jicho la munganga linaona kwa upande wake. Hivi anatambua kilicho juu na kilicho chini, na picha haigeuki. Huko Uswidi, munganga Gunnar Holmgren aliitumia kwa kupasua masikio tangu 1922.

Tukatoka Walikale, tukapita Masisi mpaka Goma. Wakamupasua. Leo anachagua maharagi mwenyewe. Aliniuliza tu: «Mwanangu, ule mwaka tulikuwa tunangoja nini?» Sikuwa na jibu.

Wenzangu, kujua nusu ya jambo kunaweza kufunga macho ya mwingine.