Mialiko ya arusi yenye kutengenezwa nyumbani

Zamani, huku Bushi, arusi haikuhitaji karatasi. Mjumbe alitumwa kwa wakubwa wa jamaa. Alisalimia, aliketi, ndipo akatoa neno. Leo Bukavu kila mtu anangojea kadi, na mwenye kuikosa anasema: "Mimi habakunialika."

Wengi wanazichapisha mjini. Kwa arusi ya binti wa kaka yetu mkubwa, tuliamua kuzitengeneza sisi wenyewe, kadi 120. Watoto walileta maganda makavu ya mgomba, meusi, ya kahawia na meupe-meupe. Mama zao waliyafuta vumbi, wakayakata kwa makasi: mama mwenye kitunga mgongoni, nyumba, mti. Gundi ilikuwa uji mzito wa bunga ya muhogo. Tukiisha kubandika, tulilaza vitabu vyetu vya shule juu yake usiku kucha, karatasi isijikunje. Sisi walimu tulipewa biki kwa ajili ya mwandiko.

Kazi nguvu ilikuwa majina. Shangazi aliketi kando yetu, akihesabu jamaa kwa vidole, nyumba kwa nyumba. Tukafika kwa baba mdogo mmoja ambaye hatukusemezana naye tangu ugomvi wa shamba. Mmoja wetu akasema: "Huyu tumuache." Shangazi akashika biki: "Mutoto ni wake pia. Mukimuacha huyu, hata jina yangu musiandike."

Tuliandika. Na kadi ile haikupewa mtoto kuipeleka. Shangazi na kaka waliibeba wenyewe, pamoja na kidumu cha kasiksi. Baba mdogo alisoma jina lake mara mbili, akaita bibi yake alete viti. Shamba halikutajwa siku ile. Siku ya arusi alifika mbele ya wengi, akaketi na wakubwa.

Hata Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyogeuzwa mwaka 2016, inakubali ndoa ifungwe katika jamaa, kisha iandikishwe kwa serikali. Basi jamaa ni mwenye arusi, si mgeni wake.

Ninyi vijana, hatuwakatazi kuchapisha. Lakini orodha ya majina muiandike nyumbani, pamoja na mkubwa mwenye kujua jamaa yote. Na kadi ya mtu ambaye hamupatani naye, muipeleke kwa miguu yenu.