Mathenge: Mgeni Asiyejua Kuaga

Ikiwa umewahi kufika Lodwar, bila shaka uliifurahia ile rangi ya kijani kandokando ya mto Turkwel baada ya safari ndefu ya mchanga na mawe. Nami niliifurahia, hadi mwenyeji wangu, mama mmoja mfugaji, aliponitoa ushamba. "Hiyo si miti yetu, mwanangu. Hiyo ni etirae."

Etirae ndilo jina la Kiturkana la mti ambao kwingineko Kenya huitwa mathenge, na wataalamu huuita Prosopis juliflora. Asili yake ni bara la Amerika. Mwaka wa 1973 ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, ili kufunika machimbo ya mawe ya saruji. Miaka ya 1980 ukapandwa Turkana na Baringo, uzuie mchanga na kuwapa watu kuni. Nia ilikuwa njema. Mti nao ulifanya ulichoombwa, kisha ukaendelea.

Wewe wa mjini huenda ukauliza: ubaya uko wapi, ikiwa jangwa limepata miti? Ubaya ni kwamba jangwa lilikuwa na miti yake. Waturkana wana desturi iitwayo ekwar. Kila jamaa ina sehemu yake ya miti ya kando ya mto, hasa ewoi, ambayo maganda yake huanguka kiangazi na kuwalisha mbuzi nyasi zikiisha. Haki hiyo hurithiwa, na mgeni hana budi kuomba ruhusa. Mathenge haukuomba. "Ekwar ya baba yangu imo mle ndani," alisema yule mama, akionyesha kichaka cha miiba, "lakini mbuzi wangu hawapiti."

Wafugaji wa Baringo waliishtaki serikali mwaka wa 2006, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Watu walicheka. Lakini sukari ya maganda yale huozesha meno kweli, na mbuzi kibogoyo hufa njaa malisho yakiwa mbele yake. Mwaka wa 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari.

Kutoka Lodwar tulipitia Lorugum hadi Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Hapa ndipo Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipozika silaha na kufanya amani, mwaka ule ule wa 1973. Mifugo ya pande zote mbili hukutana huku, na mbegu za mathenge husafiri bila nauli: mbuzi hula maganda, mbegu hutoka nzima kinyesini, tayari kuota. Kando ya hori la kunyweshea niliona miche iliyofika magotini.

Je, utaitambuaje? Usidanganywe na majani, kwa maana yote mawili ni madogo na yamepangika kama unyoya. Tazama maganda: ya ewoi hujikunja kama springi, ya mathenge hunyooka kama maharagwe na huwa manjano yakiiva. Maua ya ewoi ni vijidonge vyeupe. Ya mathenge ni marefu kama kidole, rangi ya manjano hafifu. Miiba ya mathenge yote imenyooka, lakini ewoi huwa pia na mifupi iliyopinda kama ndoana.

Kuukata juu ya ardhi ni kuupalilia. Kisiki kimoja huchipua mashina mengi, na hapo ndipo wachoma makaa wengi hukosea. Mti mkubwa sharti uchimbwe, mzizi ukatwe chini ya ardhi, pasipobaki vichipukizi. Maganda yakisagwa mbegu hufa, na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo. Kakuma nako, wakazi na wakimbizi hupikia kuni zake na kujengea nyua. Hata hivyo, sidhani jiko peke yake litaumaliza.

Mche ndio rahisi. Pale Lokiriama mchungaji kijana aling'oa 17 na mizizi yake, ardhi ingali laini kwa mvua, wakati dada zake wakijaza majerikeni. Kisha akaianika juu ya mwamba, mizizi ikitazama jua, akawafuata mbuzi wake.