Mkono Uliofichwa Chini ya Kitenge



Wapendwa waamini, wiki hii tulimpelekea Komunyo Takatifu mama mmoja anayeishi kando ya ziwa. Mwaka jana tuliadhimisha Misa ya shukrani pamoja naye, alipomaliza dripu za tiba ya saratani ya titi. Tulidhani safari imekwisha. Alipoacha kufika kwenye usafi wa kanisa, wanajumuiya walinung'unika kuwa amelegea. Tunakiri kwamba tulisikia, tukanyamaza.

Safari hii aliufunua mkono aliokuwa akiuficha chini ya kitenge. Ulikuwa umevimba kuanzia begani hadi vidoleni, na pete ya ndoa alikwisha kuivua. Ndugu walikuwa wakimsihi aende kwa mganga akachanjwe chale, kwa kuwa eti amerogwa.

Wapendwa, huo si uchawi, wala hauambukizi. Katika kutibu saratani ya titi, mara nyingi tezi za kwapani huondolewa au hupigwa mionzi. Majimaji ya mwili yaliyokuwa yakipita humo hukosa njia, yakajikusanya mkononi. Baadhi ya dawa za dripu nazo zaweza kuongeza hatari hiyo. Uvimbe waweza kutokea baada ya miezi, hata miaka. Huanza kwa dalili ndogo: mkono kuwa mzito, pete au mkono wa gauni kubana. Anayewahi hospitali huchunguzwa, hufundishwa mazoezi, husingwa kitaalamu na kufungwa bendeji maalumu, na uvimbe ukadhibitiwa.

Lakini kila jeraha katika mkono huo ni mlango wa maambukizi: mwiba wa sato, lengelenge la jembe, na zaidi wembe wa chale. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au homa ikipanda, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali yetu ya Bugando, inayohudumia watu wa kanda hii tangu mwaka 1971, ina wataalamu wa saratani. Tusimpitishe mgonjwa mlangoni pake kwenda kwa mganga.

Mwinjili Marko, katika sura ya tatu, anatusimulia habari za mtu mwenye mkono uliopooza. Kabla ya kumponya, Bwana alimwita asimame katikati ya watu. Hakumwuliza kwa nini hakufagia sinagogi. Sisi tulimwacha mama huyu pembeni, tukamhukumu kwa kazi ambayo mkono wake haukuiweza.

Jumatatu tulimsindikiza hospitali. Hakuchanjwa. Jumuiya yake sasa inamtekea maji na kumlimia, huku yeye akirudia kazi polepole kwa ushauri wa wataalamu. Jumapili ijayo ataketi tena kati ya wanakwaya. Tumwombe radhi kwanza, ndipo tumpigie vigelegele.

Mungu awabariki nyote.

Padre wenu