MWATATE NJIA PANDA: MSAFIRI NA CHAKULA CHA HOTELI

Msafiri atokaye Voi kwa njia ya Taveta huwasili Mwatate baada ya kilometa 25 hivi. Upande wake wa kulia milima ya Taita yainuka ghafla, nayo asubuhi huvikwa ukungu; upande wa kushoto nyika yajitandaza, na udongo wake mwekundu, hata jicho lichoke. Karibu na mji ipo mistari ya mkonge wa shamba kubwa la Teita Sisal Estate, imenyoka kama askari katika gwaride. Hapo ndipo njia hugawanyika: moja yapanda kwa kupindapinda mpaka Wundanyi, na nyingine yaendelea magharibi kupitia Bura na Maktau mpaka Taveta na mpaka wa Tanzania.

Kwa kuwa ni njia panda, Mwatate ni mji wa watu wapitao. Vibarua wa mkonge hufika kununua mahitaji yao. Wachimbaji wa vito hutoka machimbo ya Kamtonga. Wakulima wa milimani hushuka na kabichi na nyanya ziendazo Mombasa. Makarani wa ofisi za kaunti, walimu, madereva wa malori na abiria wa matatu, wote huonekana hapo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 340,671 katika kaunti nzima ya Taita Taveta, na ni wachache miongoni mwao wasiopata kupita Mwatate. Tena barabara ya kwenda Taveta ilipotiwa lami katika miaka ya 2010, wapitao wakazidi.

Mtu apitaye hana jiko; hana budi kula hotelini. Nayo hoteli, kwa maana wanayoijua watu wote wa Kenya, si nyumba ya kulala bali ni nyumba ya kulia chakula, hata ikiwa ni chumba kimoja cha mabati chenye benchi mbili. Humo hupatikana chai ya maziwa na mandazi asubuhi, maharagwe na chapati adhuhuri, pilau, ugali na mchuzi wa mbuzi, na pengine kimanga, chakula cha asili cha Wataita, kilichopondwa kikapondeka. Ni chakula kitamu na cha bei nafuu. Lakini swali ambalo kila mlaji yampasa kujiuliza ni hili: je, chakula hiki kitamshibisha tu, au kitamlaza kitandani?

SOMO LA ZAMANI

Swali hilo si jipya katika nchi hii. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupita Mwatate kuelekea Maktau, ili wawashambulie Wajerumani waliokuwa wameshika Taveta. Mwatate ikawa kambi ya majeshi. Watu wengi mno, askari na wapagazi, walikula na kunywa pamoja katika nyika yenye maji haba.

Ilipokwisha vita hiyo ya Afrika Mashariki, waliokufa kwa maradhi walikuwa wamewazidi sana waliouawa kwa risasi. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoua wengi, hasa wapagazi, ambao mara nyingi walikula unga wa mahindi usioiva vizuri kwa kukosa wakati, kuni na vyombo. Risasi ya adui ilisikika mlio wake, lakini kilichomwua mpagazi kilikuwa katika sufuria na katika maji, wala hakikuwa na mlio wowote.

MAJI NDIYO MIZANI

Mtu akitaka kujua usafi wa hoteli za Mwatate, asianze kutazama rangi ya kuta. Na atazame maji. Nyikani mvua za masika na za vuli si za kutegemewa, na ziko siku ambazo bomba halitoi hata tone. Ni jambo la kustaajabisha kwamba chemchemi za Mzima, zilizomo katika mbuga ya Tsavo Magharibi, hupeleka maji yake kwa bomba mpaka Mombasa, hali vijiji vingi vya kaunti hiyo hiyo vyanunua maji kwa mitungi.

Maji yanaponunuliwa, hupimwa kwa jicho la choyo. Kwanza hutolewa ya chai na ya kupikia, kwa maana hayo huleta fedha. Yanayobaki ndiyo ya kuoshea vyombo, na beseni moja huosha sahani thelathini hata maji yakawa kama mchuzi. Mwishoni kabisa huja maji ya kunawa mikono ya mpishi atokapo chooni, na pengine hayo hayapo. Basi ugonjwa huingia mahali pale pale ambapo mwenye hoteli amefanya akiba.

Hata hivyo, upungufu wa maji si udhuru wa uchafu. Mtungi wa lita 20 uliotiwa bomba dogo chini, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa uzi, waweza kunawisha mikono mingi, kwa sababu maji hutiririka kidogo kidogo wala hayarudiwi. Desturi ya zamani ya mhudumu kupita kwa wageni na birika la maji ya vuguvugu na beseni ni desturi njema kwa sababu iyo hiyo: kila mtu hupata maji mapya. Desturi mbaya ni ile ya watu kumi kuchovya mikono katika beseni moja. Wa kwanza anawa kweli, lakini wa kumi achota uchafu wa tisa waliomtangulia.

MKONO USIOONEKANA

Baada ya maji, hatari ya pili ni mkono wa mpishi. Habari ya Mary Mallon, mpishi wa New York katika Marekani, yafaa kujulikana na kila mwenye hoteli. Mwaka 1906 alikuwa akipika katika nyumba moja huko Oyster Bay, na watu 6 kati ya 11 wa nyumba ile wakapatwa na homa ya matumbo. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba ugonjwa huo ulikuwa ukimfuata nyumba kwa nyumba, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na afya njema wala hakujiona mgonjwa. Vijidudu vilikaa mwilini mwake pasipo kumdhuru, navyo vikapita kwa mikono yake mpaka kwenye chakula. Alitengwa mwaka 1907, akaachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Akarudia kupika kwa jina jingine, maana hakupata kazi nyingine ya mshahara sawa na ule. Mwaka 1915 alitengwa tena, hata alipofariki mwaka 1938.

Kwa sababu ya watu wa namna hiyo, sheria ya Kenya haiachi jambo hili kwa bahati. Kanuni za usafi wa chakula za mwaka 1978 zataka nyumba ya chakula iwe na leseni, na kila ashikaye chakula apimwe na daktari. Ndiyo maana Bwana Afya akiingia hotelini huuliza vyeti. Wenye hoteli wengine humwona kama adui, hata habari ya kuja kwake ikisikika milango hufungwa. Lakini yeye humlinda mwenye hoteli pamoja na mlaji, maana hoteli iliyougulisha watu haiwapati tena.

Lakini cheti chenyewe kina mpaka wake. Chasema kwamba mpishi alikuwa mzima siku ile alipopimwa. Hakisemi habari za jana usiku. Na hapa pana jambo gumu ambalo husemwa kwa nadra. Wapishi na wahudumu wengi hulipwa kwa siku. Mama aliyeharisha usiku kucha anajua kwamba asipofika kazini hatapata fedha za siku ile, na watoto wake watalala njaa. Basi hufunga leso, hunyamaza, huja akakanda unga wa chapati. Si kwamba ni mtu mbaya, bali amewekwa mahali pa kuchagua kati ya watoto wake na watoto wa wengine.

Mwenye hoteli mwenye akili atamwondolea uchaguzi huo. Atawaambia watumishi wake waziwazi kwamba aharishaye, au mwenye jipu au kidonda kinachotoa usaha mkononi, asiguse chakula, na ujira wake hautakatwa. Ujira wa siku mbili ni fedha chache ukilinganishwa na hoteli iliyofungwa kwa amri.

HOTELI YA FAHARI HAIOKOI

Watu wengine hudhani kwamba mwenye fedha aweza kuikimbia hatari hii kwa kula palipo na vitambaa vyeupe mezani. Mambo ya mwaka 2017 yaliwakanusha. Mwaka huo kipindupindu kilizuka Nairobi, kikawapata watu waliokula katika mikutano na karamu za mahoteli makubwa, hata mawaziri wawili wa serikali wakawa miongoni mwa waliougua. Wizara ya Afya iliamuru washikao chakula wapimwe upya.

Sababu yaeleweka. Katika kibanda cha Mwatate, maharagwe hutoka motoni yakitokota na kutiwa sahanini papo hapo. Kijidudu hakipati nafasi. Katika karamu kubwa, chakula hupikwa alfajiri, husafirishwa, huwekwa mezani saa nyingi, na huambatana na saladi ambayo haikupita motoni. Chakula kikikaa kati ya moto na baridi, vijidudu huongezeka upesi. Wali uliolala nje ya friji una hatari ya namna yake, kwa kuwa kuna vijidudu viachavyo sumu ambayo haiondoki hata wali upashwe moto mara ya pili.

MSAFIRI AANGALIE NINI

Msafiri hana darubini ya daktari, lakini ana macho, pua na ulimi wa kuuliza. Kwanza, atazame kama pana maji na sabuni karibu na choo, wala si mbele ya wageni tu. Pili, achague chakula kinachofuka mvuke. Haoni aibu mtu aulizaye kwa adabu, "Mama, maharagwe haya ni ya leo au ya jana?" Mama mwenye jiko safi hujibu kwa furaha, "Ya leo, mwanangu, yangali motoni." Akijibu kwa hasira, hilo nalo ni jibu.

Tatu, kachumbari na matunda yaliyomenywa na mtu mwingine ni vya kuangaliwa sana. Nyanya na vitunguu havipiti motoni. Usalama wake wote hutegemea maji yaliyoviosha na mkono uliovikata. Ndizi ambayo mlaji aimenya mwenyewe ni salama zaidi. Nne, maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini. Chai iliyochemka ni rafiki mwaminifu wa msafiri. Tano, atazame kama mpokea fedha ndiye huyo huyo ashikaye chapati kwa vidole. Noti imepita mikono mingi isiyojulikana.

AKIISHA KUUGUA

Mtu akiugua, mara nyingi hulaumu hoteli ya mwisho aliyokula. Pengine hukosea. Sumu ya chakula yaweza kumshika mtu baada ya saa chache, na kipindupindu baada ya saa chache mpaka siku 5. Lakini homa ya matumbo kwa kawaida hukawia wiki moja mpaka tatu. Basi aliyekula Mwatate aweza kuugua akiisha kufika kwake Taveta, wala asikumbuke. Kwa hiyo ni vizuri kumweleza daktari safari yote.

Aharishaye asingojee. Hatari ya kwanza ni kukaukiwa na maji mwilini, na mtoto mdogo aweza kufa siku moja. Apewe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, anywe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali. Kinyesi cha rangi ya maji ya mchele ni ishara ya kipindupindu, na hapo kila dakika ina thamani. Tena aliyetoka safarini akiharisha, asiwapikie wa nyumbani kwake, wala asikaribie chakula chao pasipo kunawa kwa sabuni, asije akawaletea watoto zawadi ya maradhi.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko Mwatate, mwenyeji ni mwenye hoteli, naye hupona kwa fedha ya mgeni. Haki yataka naye mgeni apone kwa chakula cha mwenyeji. Na deni hilo hulipwa kwa kipande cha sabuni, mtungi wa maji na moto unaowaka vizuri chini ya sufuria.